Filta au kublendi? Jinsi ya kubeba anga na ardhi kwenye picha moja

Kila anayepiga picha za mandhari anakutana na hili mapema sana: jua linachomoza, macho yako yanaona mawingu yenye rangi na mawe ya mbele vizuri tu, alafu unabonyeza shata unapata kimoja kati ya viwili, ama anga limeungua jeupe pe au ardhi imekuwa nyeusi tii. Kamera haina tatizo. Tofauti ya mwanga kati ya juu na chini imezidi kile ambacho sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, inaweza kushika kwa mpigo mmoja, na hapo ndo watu wanaanza kuuliza, ninunue filta, kile kioo cha kuweka mbele ya lenzi, au nijifunze kublendi, yaani kuunganisha picha mbili au zaidi kuwa moja kwenye kompyuta?

Mi naona swali hilo limekaa vibaya. Uliza hivi: kati ya vitu ninavyovitaka kwenye hii picha, kipi hakiwezekani kabisa nikishaondoka hapa? Kisichowezekana baadae kifanye pale pale kwa filta. Kinachowezekana baadae, ambacho mara nyingi kinatoka vizuri zaidi baadae, piga ekspoja kadhaa, yaani picha ile ile kwa viwango tofauti vya mwanga, ukaziunganishe nyumbani. Ukilishika hili hutabeba begi la vioo usivyovihitaji, na wala hutakesha kwenye kompyuta ukihangaika kutengeneza kitu ambacho filta ingekupa kwa kuizungusha kidogo tu.

Na kabla hujasikia mtu anakwambia kublendi ni kudanganya, jua kwamba ni kazi ya zamani kuliko filamu yenyewe. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anapiga picha za bahari, na negativu za wakati ule zilikuwa zinaitikia mno mwanga wa bluu kiasi kwamba ukipima bahari anga lote linaungua. Alichofanya kwenye baadhi ya picha zake ni kupiga bahari kwenye negativu moja na anga kwenye nyingine, alafu akaziunganisha pale kwenye mstari wa upeo wakati wa kusafisha. Sisi tunafanya kitu kile kile, vifaa tu vimebadilika.

Pima kwanza

Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Kutoka shata ya 1/250 ya sekunde kwenda 1/125 umeongeza stopu 1, ukienda 1/60 ni stopu 2, na kuendelea. Sensa nzuri za fulu fremu (zile kubwa, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35) za miaka hii zinashika kama stopu 14 hivi ukiwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuitikia mwanga), ila usizihesabu zote kwamba ni zako, maana zile za chini kabisa ukizivuta juu zinakuja na chengachenga na rangi zisizoeleweka.

Tuchukue ufukwe wenye mawe, jua liko karibu kutokeza, kamera iko f/11 (f ni ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linapungua) na ISO 100. Weka kamera ipime sehemu ndogo ya katikati tu, elekeza kwenye anga karibu na jua litakapotokea, inakwambia 1/250. Elekeza kwenye mawe ya mbele ambayo yako kivulini, inakwambia 1/8. Hesabu kwa vidole: 1/125, 1/60, 1/30, 1/15, 1/8, hizo ni stopu 5. Sasa ukipiga picha moja kwa 1/125 anga litakuwa ang'avu kidogo lakini salama, na mawe yatakuwa stopu 4 chini ya pale kamera inapotaka. Kwenye faili la RAW, lile ghafi lenye kila kitu sensa ilichoshika, la kamera nzuri unaweza kuyavuta stopu 2 hata 3 yakabaki safi, ya 4 ndo shida inaanza. Kwa hiyo mandhari hii iko mpakani na mimi hapo napiga ekspoja zaidi ya moja bila kusita. Ingekuwa tofauti ni stopu 2 au 3, piga RAW moja, hakikisha anga halijaungua, nenda kasafishe, basi. Watu wengi wanablendi picha ambazo hazikuhitaji kublendiwa na matokeo yake yanaonekana tu kwamba kuna kitu kimelazimishwa.

Kama hutaki hesabu, tumia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, giza likiwa kushoto na mwanga kulia. Ikiwa imebanana na ukuta wa kulia anga limeungua, ikibanana na wa kushoto vivuli vimekufa, na ikigusa kuta zote mbili kwa pamoja picha moja haitoshi. Jua tu kwamba ile histogramu kamera inaitoa kwenye JPEG ya ndani na sio kwenye RAW, kwa hiyo kwenye RAW mara nyingi kuna akiba kidogo upande wa mwanga. Ukiweka mtindo wa picha wa kamera kwenye ule ulio tulivu, usio na kontrasti nyingi, histogramu inakuwa karibu zaidi na ukweli.

Polaraiza, filta ambayo kompyuta haina mbadala wake

Kama una hela ya filta moja tu, nunua polaraiza. Sababu ni rahisi: inachuja mwanga kabla haujafika kwenye sensa. Mwanga unaoruka kutoka kwenye maji, majani yaliyolowa, mawe yenye unyevu, unakuwa umejipanga upande mmoja, na polaraiza ukiizungusha inaufungia mlango. Chini ya ule mng'ao kuna rangi halisi ya jani, kuna kokoto za chini ya maji. Ukishapiga bila polaraiza, zile kokoto hazimo kwenye faili, ni mng'ao mtupu, na hakuna slaida kwenye programu yoyote itakayokurudishia kitu ambacho sensa haikukiona.

Wengi wanaijua kwa kufanya anga liwe bluu zaidi, na ni kweli, lakini mi naona kazi yake kubwa iko msituni na mtoni siku ya mawingu. Majani yote yana utando mweupe wa anga juu yake ambao macho yameshauzoea, unazungusha filta taratibu huku unaangalia kwenye skrini, ghafla kijani kinatoka. Kwenye maji inafanya kazi vizuri zaidi ukiyatazama kwa mlalo wa nyuzi kama 37 kutoka usawa wa maji, ukiwa juu kabisa unatazama chini moja kwa moja haikusaidii sana. Na kwenye chuma haikusaidii, mng'ao wa chuma haujipangi hivyo.

Kwenye anga nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha dole gumba liwe pembe mraba, alafu zungusha mkono: kote dole gumba linakopita ndo kuna ule mkanda wa anga litakaloitikia filta. Ukiwa na jua mgongoni kabisa au mbele kabisa, kwenye anga hutaona mabadiliko ya maana. Sasa hapa kuna mtego: lenzi pana, tuseme chini ya milimita 24 kwenye fulu fremu, inaona eneo kubwa la anga kuliko huo mkanda, kwa hiyo unapata bluu nzito katikati na bluu iliyopauka pembeni, na kuirekebisha ni kazi ngumu kuliko kuiepuka. Ukiona hivyo izungushe nusu tu, au piga picha mbili, moja polaraiza imezungushwa kwa ajili ya maji na nyingine kwa ajili ya anga, ukaziblendi baadae. Ndio, filta na kublendi vinafanya kazi pamoja, sio maadui.

Inakula mwanga stopu 1 hadi 2 hivi kwa hiyo angalia shata yako. Na usiizungushe mpaka mwisho kila mara eti kwa sababu inawezekana, ziwa lisilo na mng'ao hata kidogo linaonekana limekufa. Upinde wa mvua nao unaweza kupotea kabisa ukizungusha vibaya, au ukang'aa zaidi ukizungusha vizuri, kwa hiyo pale zungusha huku unaangalia.

ND na muda

ND ni kioo cheusi kinachopunguza mwanga wote sawasawa ili shata ikae wazi muda mrefu. Haisaidii chochote kwenye tofauti ya anga na ardhi, nasema hivi kwa sababu watu wanainunua wakidhani itatuliza anga lao, haitulizi, inapunguza vyote. Kazi yake ni muda: maji yawe laini, mawingu yavutike.

Namba zake zinachanganya kwa kuwa kila kampuni inaandika kivyake. ND8, 0.9 na stopu 3 ni kitu kimoja. ND64, 1.8 na stopu 6 ni kitu kimoja. ND1000, 3.0 na stopu 10 vile vile. Kila stopu ni 0.3, ukikumbuka hiyo umemaliza. Hesabu ya shata: ya stopu 6 zidisha muda kwa 64, ya stopu 10 zidisha kwa 1000. Yaani kama bila filta ni 1/30, kwa stopu 6 ni sekunde 2. Kama bila filta ni 1/125, kwa stopu 10 ni sekunde 8. Kama ni 1/15, kwa stopu 10 inakuwa zaidi ya dakika moja, na kamera nyingi zinaishia sekunde 30 kwa hiyo hapo unahamia kwenye balbu (shata inakaa wazi mpaka wewe uifunge) na rimoti.

Utaratibu wake haubadiliki: panga fremu, lenga fokasi, zima otofokasi ili isianze kutafuta gizani, piga moja bila filta kwa kipimo na kwa kumbukumbu ya rangi, ndo ufunge filta taratibu usije ukagusa pete ya fokasi. Kwenye kamera zenye kioo ndani (DSLR) funika kile kidirisha cha kuchungulia, mwanga huwa unapenya kwa nyuma wakati shata iko wazi muda mrefu. Na hata kwa ND ya stopu 10 usichungulie jua kwa jicho kupitia kidirisha cha kioo, hiyo filta haijatengenezwa kulinda jicho.

Muda wenyewe chagua kwa kuangalia maji yanavyokwenda. Wimbi linaporudi baharini, shata ya robo sekunde hadi sekunde 1 inaacha mistari ya povu inayoonyesha maji yameelekea wapi, mi napenda hii kuliko zote. Ukifika sekunde 30 na kuendelea bahari inakuwa ukungu mtupu, ni nzuri kama mbele una kitu kizito kama mwamba au nguzo, vinginevyo picha inabaki tupu. Kuna filta za ND zinazoongeza rangi ya bluu au kahawia, hiyo usihangaike nayo ukiwa uwanjani, ndo maana ulipiga ile moja bila filta, utalinganisha rangi baadae.

Huna ND? Inawezekana kuiga. Piga picha 16 za nusu sekunde mfululizo bila kugusa kamera, zipandishe kwenye programu kama leya, yaani moja juu ya nyingine, alafu ya chini kabisa iache kwenye opasiti (kiasi leya inavyofunika iliyo chini yake) asilimia 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, ya tano 20, yaani 100 gawanya kwa namba ya leya mpaka zote ziishe. Hapo umepata wastani wa picha zote, sawa na kuacha shata wazi sekunde 8, na chengachenga zinashuka mpaka robo. Kwa maji inatoka safi sana. Kwa mawingu yanayokimbia ukiacha nafasi kati ya picha na picha utaona alama za ngazi ngazi, kwa hiyo hapo ND halisi bado inashinda.

Filta ya nusu giza

Hii ndo ile ya juu nyeusi chini safi, na hii ndo ambayo mi simshauri mtu anayeanza ainunue kwanza. Kuna ya mstari mkali, ya mstari laini, na ile ambayo giza lake zito liko katikati pale jua linapokaa alafu linapungua kwenda juu. Zinafanya kazi vizuri mahali pamoja hasa: upeo ulionyooka wa bahari au tambarare, na vitu vya mbele vinavyotembea, kama mawimbi, kiasi kwamba kuunganisha picha mbili kungekusumbua. Hapo filta ya stopu 3 inakupa kila kitu kwenye fremu moja na una raha yako.

Lakini mlima ukichomoza juu ya mstari, au mti, au mtu amesimama, kile kichwa kinaingia kwenye giza la filta. Unajua kabisa picha ya aina hii ukiiona: mlima ulianza vizuri chini, ukifika juu umekuwa mweusi bila sababu. Pia kumbuka ukiwa na lenzi ndefu ule mstari mkali unakuwa laini kwa sababu lenzi inaona kipande kidogo tu cha filta, na ukiwa na lenzi pana na tundu dogo kama f/16 mstari unaonekana zaidi. Ishushe taratibu huku unaangalia skrini ukiwa umeweka f ile ile utakayopigia.

Kwenye ziwa ndo iangaliwe zaidi. Kivuli cha anga kwenye maji siku zote ni giza kidogo kuliko anga lenyewe, kwa sababu maji hayarudishi mwanga wote. Ukiweka filta nzito juu, anga linashuka na maji yanabaki pale pale, unaishia na ziwa linalong'aa kuliko anga lililoliangazia. Nitalirudia hili kwenye kublendi kwa sababu kosa ni lile lile.

Kupiga ekspoja za kublendi

Tripodi imara, taima ya sekunde 2 au rimoti, zima kitulizaji cha lenzi kama lenzi yako inachanganyikiwa ikiwa kwenye tripodi. Kila kitu kiwe cha mkono: f, ISO, fokasi, na waiti balansi (ile ya kurekebisha ujoto na ubaridi wa rangi). Kinachobadilika kati ya picha na picha ni shata PEKE YAKE. Ukibadilisha f, kina cha ukali kinabadilika na picha hazitakaa juu ya mwenzake vizuri. Kaa f/8 hadi f/11, ukienda f/16 na zaidi ukali wa picha nzima unaanza kushuka.

Kamera nyingi zina braketi ya otomatiki, inapiga ekspoja tofauti yenyewe mfululizo, weka picha 3 zenye umbali wa stopu 2. Kwa ule mfano wetu wa ufukwe anzia katikati kwenye 1/45 hivi, utapata moja ya 1/180 ambayo anga limetulia, na moja ya 1/11 ambayo mawe yamefunguka. Kama jua lenyewe liko kwenye fremu, nenda picha 5. Zipige haraka haraka mfululizo, mawingu na majani hayakungoji. Mbinu ndogo inayosaidia baadae: piga picha moja ya mkono wako mbele ya lenzi kabla ya kila seti, ukifika kwenye kompyuta utaona kila seti inaanzia wapi.

Upepo ukiwepo na una maua au nyasi mbele, ongeza picha moja ya ziada ya ISO 400 au 800 yenye shata ya haraka, upepo ukitulia kidogo unabonyeza. Hiyo ni ya nyasi tu.

Na jua likiwa kwenye fremu kuna madoa ya rangi yanaruka kwenye sehemu ya mbele, yale ya mwanga kugonga ndani ya vioo vya lenzi. Toa filta zote kwanza maana kila kioo kinaongeza madoa. Alafu piga picha moja kawaida, na nyingine unyooshe kidole mbele kifunike jua kabisa. Kwenye hii ya pili anga limeharibika kwa kidole lakini ardhi yote iko safi haina doa hata moja. Unaunganisha anga la ya kwanza na ardhi ya pili. Ni kitu kidogo lakini kinaokoa muda mwingi wa kufuta madoa.

Kwenye kompyuta

Fungua zote kwenye programu ya RAW, weka waiti balansi moja kwa zote, sahihisha upindaji wa lenzi kwa zote, kontrasti iache chini kwanza. Ukitaka njia ya mkato, programu ya Lightroom inaunganisha yenyewe ikakupa faili moja lenye mwanga wote wa kusafisha, na kwa mandhari iliyotulia, mlima na anga tupu, inatoa kitu cha asili kabisa, sina ugomvi nayo. Inapokwama ni kwenye mawimbi na matawi, ambapo haijui picha ipi ifuate, na hapo mkono wako ni bora.

Kwa mkono: pandisha picha kama leya, mwambie programu izipange zikae sawasawa, kata kingo zilizobaki. Mara nyingi kati ya picha 5 utahitaji 2 tu, ile ya ardhi na ile ya anga, usijilazimishe kutumia zote. Ya ardhi iwe chini, ya anga iwe juu yake, alafu iwekee maski nyeusi ili ipotee (maski ni pazia la leya: palipo peusi leya inafichwa, palipo peupe inaonekana). Sasa chukua brashi nyeupe, kubwa na laini kabisa, opasiti asilimia 20, anza juu kabisa ya anga ushuke ukipaka polepole. Unapaka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anga linarudi taratibu. Ukikaribia upeo punguza, kwa sababu hata kwa macho hewa ya pale chini ni ang'avu zaidi.

Upeo ulionyooka brashi inatosha. Kukiwa na mti, brashi laini ikigusa majani inayatia giza au inaacha mwanga wa ajabu kuzunguka matawi, ule unaoonekana kama taji. Dawa yake ni maski ya mwanga. Nenda kwenye chaneli za picha, zile tatu za nyekundu, kijani na bluu, angalia ya bluu peke yake: anga la bluu pale linakuwa jeupe na majani yanakuwa meusi, yaani picha yenyewe imeshakuchorea mpaka wa kila jani, hakuna mkono wa mtu unaoweza kuchora hivyo. Geuza hiyo chaneli kuwa uchaguzi, yaani eneo lililochaguliwa ambamo tu brashi itapaka, kwenye Photoshop unashika Ctrl na kubonyeza kwenye kijipicha chake, alafu paka maski yako ile ile kwa brashi ile ile ukiwa na uchaguzi huo. Rangi inapita kwenye anga, kwenye majani inakataa. Kama anga ni la machungwa la machweo chaneli ya bluu inakuwa dhaifu, jaribu nyekundu. Ukiona bado majani yanashika kidogo, ongeza kontrasti kwenye nakala ya hiyo chaneli kwanza mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli, ndo uigeuze kuwa uchaguzi.

Mawimbi: chagua picha moja yenye umbo zuri la maji na uifanye hiyo ndo bahari, usichanganye mawimbi ya picha mbili, povu litaonekana mara mbili. Kama picha yenye wimbi zuri ni ya giza kidogo, ivute kwenye RAW mpaka ilingane. Hata faili moja unaweza kulisafisha mara mbili, moja kwa anga moja kwa ardhi, ukaziblendi kama vile ulipiga mbili.

Mpangilio wa mwanga

Hapa ndo picha nyingi zilizoblendiwa zinapoharibika, na sio kwa sababu maski ni mbaya, maski ni safi kabisa ila mwanga haueleweki. Mwanga una chanzo. Jua likiwa nyuma ya mlima, upande wa mlima unaokutazama uko kivulini, unaruhusiwa kuufungua tuone miamba yake, lakini ukiufanya ung'ae kuliko anga lililo nyuma yake jicho linakataa hapo hapo hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini. Anga liwe ang'avu kuliko ardhi ya kivulini. Kivuli cha anga kwenye maji kiwe giza kidogo kuliko anga. Maji ya mbali yanaakisi zaidi kuliko yale ya miguuni kwako unayoyatazama kwa chini, kwa hiyo ya mbele yawe na giza zaidi na uone kilicho chini yake.

Vivuli navyo vina rangi. Mahali ambapo jua halifiki panaangazwa na anga, kwa hiyo pana ubluu, na ukipafungua stopu 2 huo ubluu unatokeza. Ipunguze kidogo tu. Ukiigeuza ikawa ya machungwa kama anga umeshaondoa tofauti ya joto na baridi iliyokuvutia usimame pale na tripodi.

Ukimaliza, kuza picha mpaka asilimia 100 na utembee kwenye mstari wote wa upeo kutoka kushoto hadi kulia, unatafuta mistari myeupe kwenye kingo za mlima, matawi yaliyokuwa mawili, na ngazi za rangi kwenye anga. Alafu ipunguze iwe ndogo kama kijipicha cha kwenye simu na uangalie jicho linakwenda wapi kwanza. Likienda kwenye ardhi wakati jua liko juu, rudi kwenye leya ya ardhi uishushe nusu stopu. Likienda kwenye anga zito lililokaa kama paa, punguza opasiti ya leya ya anga mpaka asilimia 70 au 80, mara nyingi hapo ndo picha inakaa sawa, alafu hifadhi faili likiwa na leya zake zote pamoja na RAW za seti nzima kwenye folda moja.